Maisha Yote: Hotuba Kuhusu Maandishi ya Sri Aurobindo

Hotuba hii niliitoa mbele ya wasomaji wenzangu wa maktaba. Waliokosa nafasi ya kufika wameomba niiweke yote, basi hii hapa kama ilivyosemwa.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Na nyinyi wanafunzi mliokubali kukaa sakafuni ili wakubwa wapate viti, ahsanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya maandishi ya Sri Aurobindo, mwalimu wa kiroho wa India. Aliyeniomba aliniambia, "Tueleze aliandika nini." Nikamjibu kwamba ingekuwa rahisi zaidi kueleza ni nini ambacho hakukiandika. Mkusanyiko kamili wa kazi zake una majuzuu zaidi ya 30. Humo mna tamthilia na mashairi. Mna makala za gazeti zilizowatia kiwewe watawala wa Kiingereza. Mna fafanuzi za Veda, za Upanishadi na za Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu. Mna kitabu juu ya mataifa na himaya, kingine juu ya hatua wanazopitia wanadamu katika kujenga jamii, kingine juu ya ushairi wa Kiingereza na huko unakoelekea. Mna tafsiri kutoka Kisanskriti, Kibengali na Kitamil. Mna falsafa nzito yenye kurasa zaidi ya elfu moja. Na mna barua, ndugu zangu, maelfu ya barua.

Sasa nawauliza. Mtu wa Mungu ana shughuli gani na himaya za Ulaya? Ana shughuli gani na mizani ya mashairi ya Waingereza? Kwa nini asikae na sala zake, akatuachia kitabu kimoja kifupi cha mawaidha, tukamwita mtakatifu yakaisha?

Jibu langu ni moja, nami nitalishikilia jioni yote. Sri Aurobindo hakuona pembe yoyote ya maisha ambayo Mungu hayumo, kwa hiyo hakuona pembe ambayo kalamu yake ilikatazwa kuingia. Mwanzoni mwa kitabu chake cha The Synthesis of Yoga aliandika maneno haya: maisha yote ni Yoga, yaani njia ya kuungana na Mungu. Maisha yote! Hakusema saa moja ya alfajiri. Hakusema pango la mlimani. Gazeti ni maisha. Jela ni maisha. Ugomvi wa mataifa ni maisha. Maumivu ya tumbo ya mwanafunzi aliyemwandikia kulalamika, hayo nayo ni maisha.

Nitamweleza kwa ufupi tu kabla sijafika kwenye maandishi, maana wengine ndiyo kwanza mnalisikia jina lake. Alizaliwa Calcutta tarehe 15 Agosti 1872. Baba yake, daktari Krishna Dhun Ghose, aliupenda sana ustaarabu wa Kiingereza hata akataka wanawe wasiguswe na mambo ya Kihindi. Mwaka 1879, mtoto akiwa na miaka saba, alipelekwa Manchester pamoja na kaka zake wawili na kukabidhiwa kwa mchungaji mmoja na mkewe. Akasoma London, kisha Cambridge. Akakijua Kigiriki na Kilatini vizuri kuliko Kibengali, lugha ya nyumbani kwao. Mwaka 1890 alifaulu mtihani wa maandishi wa kuingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya India, kazi ambayo vijana wengi wangeililia. Ulibaki mtihani wa kupanda farasi. Hakutokea, jina lake likakatwa.

Alirudi India mwaka 1893 na kuajiriwa Baroda, katika nchi ya Maharaja Sayajirao. Baroda iko Gujarat. Wengi wetu hapa tuna majirani ambao babu zao walitoka pwani ile ya Gujarat na Kutch wakaja Zanzibar, Mombasa na Bagamoyo. Katika miaka hiyohiyo ambapo wengine walikuwa wanatweka matanga kuja kwetu, kijana huyu alikuwa Baroda, mchana akifundisha Kiingereza na Kifaransa chuoni, na kwa wakati wake mwenyewe akijifundisha Kisanskriti na Kibengali. Alikaa huko miaka 13. Kisha mwaka 1905 Lord Curzon, mtawala mkuu wa Kiingereza nchini India, akaligawa jimbo la Bengal vipande viwili, nchi ikawaka moto, na mwaka uliofuata Aurobindo akahamia Calcutta.

Hapo ndipo kalamu yake ilipopata kazi ya kwanza kubwa. Aliandikia gazeti lililoitwa Bande Mataram. Viongozi wengi wa wakati ule waliiomba serikali ya Kiingereza ipunguze makali. Gazeti hili likasema wazi: tunataka uhuru kamili. Msinunue bidhaa zao, jengeni shule zenu, amueni kesi zenu wenyewe. Mwaka 1907 alishtakiwa kwa uchochezi, akaachiwa kwa sababu serikali haikuweza kuthibitisha kwamba yeye ndiye mhariri. Nisiwadanganye, wala tusimgeuze kuwa Gandhi wa pili. Aliamini taifa lina haki ya kutumia nguvu kujikomboa likilazimika, na mdogo wake Barin aliongoza kundi lililokuwa likitengeneza mabomu. Anayemsoma Aurobindo lazima akubali kukutana na mtu huyu pia.

Katikati ya joto hilo la siasa kuna kisa ninachotaka mkishike, kwa sababu kinafungua maandishi yake yote yaliyofuata.

Mwanzoni mwa mwaka 1908 alikutana Baroda na yogi mmoja, yaani mtu anayeifuata njia ya Yoga, aliyeitwa Vishnu Bhaskar Lele. Wakajifungia chumbani. Lele akamwambia: kaa, usifikiri, tazama tu. Utaona kwamba mawazo yanakuja kutoka nje. Kabla hayajaingia, yasukume. Aurobindo akafanya hivyohivyo. Anasimulia kwamba kweli aliliona wazo likija, kisha jingine, akayazuia kila moja, na katika siku tatu akili yake ikanyamaza kabisa. Ikawa kimya. Sasa fikirini, huyu ni kiongozi wa siasa! Ana mkutano wa hadhara Bombay, watu wanamngoja, na kichwani hana hata neno moja. Akamuuliza Lele, nifanyeje? Lele akamjibu: nenda, wapigie watu namaskar, ungoje. Hotuba itakuja yenyewe. Akaenda. Akasimama. Akainamisha kichwa, akaunganisha viganja. Akangoja. Na hotuba ikaja.

Tangu siku ile, alisema mwenyewe, kila alichoandika kilitoka katika ukimya huo: makala za gazeti, vitabu, barua. Mnaweza kuamini au msiamini, hiyo ni juu yenu. Mimi nimemsoma kwa muda mrefu na ninaamini, kwa sababu hata pale anapobishana na mtu sijawahi kuona sentensi yake ikitetemeka.

Miezi michache baadaye, mambo yakaharibika. Tarehe 30 Aprili 1908, mjini Muzaffarpur, vijana wawili wa kundi la Barin walirusha bomu kwenye gari la farasi wakidhani limembeba hakimu. Waliokuwamo ni wanawake wawili wa Kiingereza, na wote wawili wakafa. Polisi wakawakamata watu kwa makumi. Alfajiri ya Mei 2 wakamtoa Aurobindo kitandani, na akakaa jela ya Alipore mwaka mzima akingojea hukumu ambayo ingeweza kuwa kitanzi.

Ndugu zangu, kama mnataka kumjua mwandishi huyu, msianze na falsafa. Anzeni na jela. Alipotoka aliandika kwa Kibengali kumbukumbu fupi iitwayo Karakahini, na ndicho kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote. Anakuonyesha selo: urefu futi tisa, upana futi tano au sita, hakuna dirisha, mbele nondo nene za chuma. Choo ni vikapu viwili vilivyopakwa lami, humohumo ndani. Na samani yake kubwa ni bakuli moja.

Nawaomba mlitazame bakuli hilo. Asubuhi analitumia kutawadhia. Baadaye kidogo analisukutulia mdomo. Kisha anaogea. Ukifika wakati wa kula, dengu au mboga inamiminwa humohumo. Akishakula, anachota maji ya kunywa kwa bakuli lilelile. Na Aurobindo, badala ya kulia, anatabasamu. Anasema bakuli hili ni kama ofisa wa serikali ya Kiingereza: leo hakimu, kesho mkuu wa polisi, keshokutwa mkusanya kodi, anafaa kwa lolote. Kisha anaongeza kwamba bakuli lake halina tabaka, haliulizi nani msafi na nani najisi, na kwamba hakuna chombo bora kuliko hicho cha kumfundisha mtu kushinda kinyaa. Nani kati yetu angeweza kuliandika hilo, akiwa amelala mwaka mzima karibu na vile vikapu?

Lakini hafichi kwamba aliumia. Anakiri kwamba katika zile siku za kwanza za upweke akili ilianza kumtoroka, mawazo yakazunguka ovyo mpaka akaogopa kupata wazimu. Basi akawatazama sisimizi. Wakubwa weusi walipita karibu na lango la selo, wakaja wadogo wekundu wakawashambulia, wakawauma na kuwaua. Akawaonea huruma wale weusi, akawa anajaribu kuwaokoa. Mtu aliyeshtakiwa kwa kupanga vita dhidi ya mfalme, amechutama sakafuni anaamua ugomvi wa sisimizi! Taratibu, anasema, sala ikarudi, Gita ikaruhusiwa kuingia, na siku moja akatazama kuta za jela na hakuziona kuta. Alimwona Mungu. Alimwona katika askari jela, katika wezi waliofungwa pamoja naye, hata katika mwendesha mashtaka. Hayo aliyatangaza hadharani mjini Uttarpara tarehe 30 Mei 1909, siku chache baada ya kuachiwa, na hotuba ile imehifadhiwa mpaka leo.

Nani alimwachia? Jaji aliitwa Beachcroft. Yeye na mshtakiwa walifanya mtihani mmoja wa utumishi ule wa serikali mwaka 1890, na katika somo la Kigiriki mshtakiwa alimshinda jaji. Wakili wake, Chittaranjan Das, ndiye aliyeibeba kesi. Tarehe 6 Mei 1909 Aurobindo akatoka huru. Barin alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikabadilishwa, akapelekwa visiwa vya Andaman.

Mwaka 1910, kwa kuwa Waingereza walikuwa hawajamaliza naye, alihamia Pondicherry, mji uliokuwa chini ya Wafaransa. Hakutoka tena huko mpaka alipofariki tarehe 5 Desemba 1950. Na huko ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya yale majuzuu.

Yalitokaje? Sikilizeni. Mfaransa mmoja, Paul Richard, alimpendekezea waanzishe jarida la falsafa. Aurobindo anasema hakuwa mwanafalsafa kabisa, lakini aliona kwamba yogi hapaswi kushindwa na kazi yoyote, akakubali. Toleo la kwanza la jarida hilo, Arya, likatoka tarehe 15 Agosti 1914. Mnajua nini kilikuwa kinatokea Ulaya mwezi huo. Vita Kuu ilikuwa imeanza. Richard akaitwa vitani, akaondoka, akamwachia Aurobindo kurasa 64 za kujaza kila mwezi, karibu peke yake.

Akazijaza. Mwezi baada ya mwezi, mpaka Januari 1921. Wala hakuandika kitabu kimoja kikaisha ndipo akashika kingine. Aliviandika sambamba. Katika toleo moja unakuta sura ya The Life Divine, sura ya The Synthesis of Yoga, sura juu ya siri ya Veda. Unageuza ukurasa, anaeleza Gita. Unageuza tena, anaeleza mataifa. Mwalimu yeyote hapa aliyewahi kuandaa masomo mawili kwa usiku mmoja anaelewa huo ni mzigo gani.

Kuhusu Veda nitapita haraka, maana ni bahari na wataalamu wanabishana naye mpaka leo. Alisema nyimbo zile kongwe zinazotaja ng'ombe, farasi na alfajiri zinazungumzia nuru na nguvu za ndani ya mtu. Inatosha kwa leo.

Kwenye The Life Divine lazima nisimame kidogo. Ni kitabu kigumu, sentensi zake ni ndefu, na mtu anaweza kukifunga baada ya kurasa kumi. Ila moyo wake uko katika sura za mwanzo, nao unaeleweka. Anasema wanadamu wamekataa mara mbili. Yupo anayesema: kuna maada tu, mwili tu, mengine ni ndoto. Na yupo mtawa anayesema: kuna Mungu tu, dunia hii ndiyo ndoto, ikimbie. Aurobindo anawasikiliza wote wawili kwa heshima. Anamsifu hata huyo asiyeamini, kwa sababu amewafundisha watu kutafuta ukweli kwa ukali na kutupa ushirikina. Kisha anawaambia wote wawili: kila mmoja wenu ameshika nusu.

Anakumbusha kisa cha Upanishadi cha kijana Bhrigu, aliyemwendea baba yake Varuna akamwomba amfundishe Mungu ni nini. Baba hakumpa jibu. Alimwambia, nenda ukatafakari. Akarudi akasema: chakula, hiki kitu kinachoshikika, ndicho Yeye. Baba akamwambia, rudi ukatafakari. Akarudi: uhai ndio Yeye. Rudi. Akili ndiyo Yeye. Rudi. Ujuzi ndio Yeye. Rudi tena. Mwisho akaja na jibu kwamba ni furaha, ile ambayo viumbe vyote huzaliwa kutoka kwayo na kurudi kwayo. Lakini je, baba alimwambia kwamba jibu la kwanza lilikuwa la uongo? Hakumwambia. Chakula ni Yeye pia. Aurobindo ameujenga ujumbe wake juu ya hilo. Dunia si takataka ya kuachwa nyuma. Katika maada ulichipuka uhai, katika uhai ikachipuka akili, na akili yenyewe si mwisho wa safari: iko fahamu kubwa zaidi ambayo mwanadamu anaweza kuikulia, na kuikulia hapahapa duniani.

Hapahapa duniani! Ndiyo maana mtu huyuhuyu, mwezi uleule, aliweza kuandika juu ya siasa za mataifa.

Na hapo kuna jambo linalotugusa sisi. Haikutimia hata miezi mitatu tangu toleo la kwanza la Arya, Waingereza waliwateremsha askari wa Kihindi Tanga, Novemba 1914, kupigana na Wajerumani kwa ajili ya ardhi ambayo haikuwa ya Mwingereza wala ya Mjerumani. Wengi wakafia ufukweni na katika mashamba ya mkonge. Himaya zilikuwa zinapigana kwa damu za watu wengine, na kule Pondicherry mtu mmoja alikuwa mezani akiuliza: himaya ni kitu gani hasa? Itadumu?

Kitabu chake The Ideal of Human Unity kilitoka katika Arya tangu mwaka 1915 mpaka 1918. Hoja yake ni kwamba taifa linaishi kwa sababu watu wake wanajisikia kitu kimoja ndani ya nafsi zao, ilhali himaya imeunganishwa na jeshi na makarani tu, na kilichofungwa kwa kamba za nje hufunguka. Aliiona siku ambapo wanadamu watalazimika kuungana, kwa sababu dunia inazidi kuwa ndogo. Lakini alionya: mkiungana kwa mashine ya utawala peke yake, mkawafanya watu wote wafanane, mtaua uhai wa mataifa. Umoja wa kweli lazima uache kila watu na lugha yao, sura yao, na njia yao ya kumtafuta Mungu.

Kisha mwaka 1950, mwaka wa kifo chake, akaongeza sura ya mwisho. Ligi ya Mataifa ilikuwa imekufa, Umoja wa Mataifa una miaka mitano. Akausifu kwamba ni hatua ya lazima, ila akaweka kidole kwenye kidonda: mataifa makubwa matano yamepewa nafasi ya juu katika Baraza la Usalama, na yameilinda nafasi hiyo kwa kura ya veto. Aliita hali hiyo utawala wa wachache. Mwaka 1950, ndugu zangu! Nchi zetu za Afrika Mashariki zilikuwa bado hazina hata bendera. Leo viongozi wa Afrika wanasimama New York wakidai jambo lilelile. Yogi aliyekuwa hatoki nyumbani kwake aliliona. Mtaniambia tena kwamba mambo ya kiroho na mambo ya dunia ni nchi mbili tofauti?

Nakuja kwenye barua. Kuanzia mwisho wa mwaka 1926 alijitenga, akauacha uongozi wa ashram, yaani makazi yake na wanafunzi wake, kwa Mirra Alfassa, mwanamke aliyezaliwa Paris ambaye wote walimwita Mama. Wanafunzi walimwona Aurobindo siku chache tu kwa mwaka. Lakini waliruhusiwa kuandika, nao wakaandika! Katika miaka ya 1930 daftari na barua zilipelekwa chumbani kwake jioni, naye akakesha usiku akijibu, ili asubuhi kila mtu apate jibu lake.

Mmoja wao alikuwa Nirodbaran, daktari aliyesomea Edinburgh. Huyu alimuuliza kila kitu. Kwa nini nina huzuni? Kwa nini shairi langu halitoki? Mgonjwa wangu nimpe dawa gani? Hivi kweli mtu wa kawaida kama mimi anaweza njia hii, au ni ya watu wakubwa kama wewe? Na Aurobindo akamjibu pembezoni mwa daftari lilelile, kwa mwandiko mdogo ambao mara nyingine Nirodbaran hakuweza kuusoma. Wanataniana. Wanabishana. Mwalimu anamchokoza mwanafunzi, mwanafunzi anamjibu. Ukizisoma barua hizi baada ya The Life Divine utadhani ni mtu mwingine kabisa. Ni yuleyule. Yule aliyewaokoa sisimizi.

Mwanafunzi yeyote wa hapa anayeogopa majuzuu mazito, aingilie mlango huu.

Sasa ushairi, maana mwenyewe alijiona mshairi kwanza. Mnajua kwamba miongoni mwa tamthilia zake za ujana iko inayotoka katika Alfu Lela Ulela? Ndiyo, masimulizi yaleyale ambayo bibi zetu wa pwani walitusimulia. The Viziers of Bassora, hadithi ya mawaziri wawili wa Basra, kijana Nureddin na mjakazi Anice, mpaka kwa Harun al-Rashid mwenyewe kule Baghdad. Aliiandika Baroda, hati ikachukuliwa na polisi wakati wa kesi, ikachapishwa baada ya yeye kufariki. Mhindu, kwa Kiingereza, akisimulia hadithi ya Waarabu kwa mapenzi hayo yote. Huyo ndiye Aurobindo.

Na juu ya yote kuna Savitri. Ni shairi la karibu mistari 24,000. Sisi tuliolelewa na tenzi tunaheshimu urefu, lakini huu ni urefu wa aina yake. Kisa kinatoka katika Mahabharata, utenzi mkongwe wa India. Savitri, binti wa mfalme Aswapati, anachagua kuolewa na Satyavan. Mwenye hekima Narada anawaambia: kijana huyu atakufa baada ya mwaka mmoja kamili. Wanamsihi achague mwingine. Anakataa. Mwaka unatimia, Satyavan anaanguka msituni, Mauti anakuja kuichukua roho yake. Na Savitri anamfuata Mauti. Anamfuata, anabishana naye, hageuki, mpaka Mauti anamrudishia mumewe.

Katika mikono ya Aurobindo kisa hicho kinakuwa kisa cha mwanadamu mzima: je, tukubali kwamba mauti ndiyo neno la mwisho la dunia hii? Savitri angeweza kuomba akakae na mumewe peponi. Hataki. Anamtaka hapa. Mnaona uzi ni uleule?

Alilianza zamani, na kuanzia takriban mwaka 1916 aliliandika na kuliandika upya, akalirudia na kulirudia, mpaka mwaka aliokufa. Mwaka 1938 alivunjika paja. Macho yakadhoofika. Basi katika miaka ya mwisho yeye alitamka mistari na Nirodbaran, yuleyule daktari wa maswali, akaandika.

Natarajia swali, maana nimeliona usoni mwa baadhi yenu. Sisi hapa ni Waislamu na Wakristo. Maandishi ya yogi wa Kihindu tuyasome kwa nini? Nawajibu kwa heshima: kumsoma mtu si kuhama dini yako. Aurobindo hamwombi msomaji ajiunge na chochote. Anakudai jambo gumu zaidi, kwamba ukishamaliza sala usimwache Mungu msikitini au kanisani ukaenda sokoni peke yako.

Wala simwombi mtu amchukue kama mtabiri asiyekosea. India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, siku aliyotimiza miaka 75, naye akatoa ujumbe redioni akitaja ndoto zake tano: India huru na moja, kuamka kwa Asia, umoja wa dunia, zawadi ya kiroho ya India kwa mataifa, na hatua mpya ya mwanadamu mwenyewe. Uhuru ulikuja na nchi imekatwa vipande, akauona mgawanyiko ule kama jeraha na kutumaini ungeondoka. Haujaondoka. Ndoto nyingine ziko njiani, nyingine sizioni kabisa. Mimi namsoma pamoja na hayo yote.

Kwa kikao kijacho tusome sura mbili tu. Nimeacha nakala mezani pale mlangoni: kurasa za jela, zile za bakuli na sisimizi, na ile sura ya mwaka 1950 juu ya Umoja wa Mataifa. Zote ni za Kiingereza. Wanafunzi watakaokwama wakae karibu na wakubwa, na wakubwa msione haya kuwauliza wanafunzi. Mwenye kutaka falsafa aje anione pembeni, nitamwazima kitabu, akirudishe.

Sasa maswali. Tuanze na mzee wangu pale nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja veto.